Loji za Ziwa Mutanda kwa wanaokwenda kuona gorila: zinamfaa nani?

Loji za mwambao wa Ziwa Mutanda, wilayani Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, zinajitangaza kwa picha ileile: maji yaliyotulia, visiwa vidogo, na kwa nyuma milima ya Muhabura (mita 4,127), Mgahinga na Sabinyo. Picha haidanganyi, ila asubuhi nyingi ukungu huziba kila kitu, na miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, milima inaweza kujificha kutwa nzima. Anayelala siku moja tu analipia mandhari asiyoiona, kwa kuwa anafika jioni na kuondoka alfajiri. Lala siku mbili, ya pili iwe baada ya kutoka msituni.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, soma kibali chako cha kuona gorila kimeandikwa sekta gani. Bwindi, hifadhi ya msitu wanamoishi gorila, ina sekta nne, Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na unaanzia palepale ulipoandikiwa. Mutanda inafaa kwa Rushaga na Nkuringo. Inafaa pia kwa Mgahinga, hifadhi ndogo yenye familia moja tu ya gorila waliozoeshwa watu, Nyakagezi. Kama kibali ni cha Buhoma au Ruhija, tafuta malazi kwingine. Wapo mawakala wanaouza loji ya Mutanda pamoja na kibali cha Buhoma kwa hoja kwamba yote ni Bwindi. Kwenye ramani ni karibu kweli, lakini barabara inauzunguka msitu na kupanda vilima, na abiria ndiye anayeamshwa usiku wa manane. Rushaga ina familia nyingi kuliko sekta nyingine, hivyo nafasi hupatikana kwa urahisi zaidi.

Kwa viwango vya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda vilivyoanza Julai 2024, kibali kwa mgeni asiye mkazi ni dola 800, mgeni mkazi dola 700, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda. Rwanda mgeni analipa dola 1,500. Ndiyo maana wengi hushukia Kigali, wakapitia Musanze na kuvuka mpaka wa Cyanika. Ukija na gari lako kumbuka kwamba Rwanda wanaendesha kulia na Uganda kushoto. Unabadilisha upande palepale mpakani.

Kinachowaponza watu zaidi ni saa. Rwanda na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na Kisoro imepakana na nchi zote mbili. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo usiku hujirekebisha yenyewe, kengele uliyotega saa kumi na moja alfajiri ikalia saa kumi na mbili. Maelekezo ya askari wa hifadhi huanza kabla ya saa mbili, na kutoka ziwani hadi Rushaga ni mwendo wa saa nzima au zaidi kwa barabara ya vumbi, inayotaka gari la fowili mvua ikinyesha. Zima mpangilio wa saa kujirekebisha, kisha waambie mapokezi wakugongee mlango.

Vyumba vingi ni vibanda vilivyotawanyika kwenye mteremko. Cha juu kina mandhari nzuri zaidi na ngazi nyingi zaidi, na ngazi hizo utazipanda magoti yakiwa yamechoka na Bwindi. Mwenye magoti mabovu aombe cha karibu na ukumbi wa chakula. Umeme ni wa sola mara nyingi: kuchaji simu na kamera sawa, lakini kikausha nywele au birika la umeme huzima inveta. Maji ya sola huwa vuguvugu baada ya siku mbili za mawingu. Yanayochemshwa kwa kuni ndani ya pipa ni ya uhakika zaidi, ila moto huwashwa alasiri na bomba ni refu; ndoo ya kwanza hutoka baridi, usikate tamaa ukaoga nayo. Ziwa liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, kwa hiyo chupa ya maji ya moto wanayoiweka kitandani si anasa.

Chakula cha mchana cha kubeba kiagizwe usiku. Wasipoambiwa hufunga mkate mkavu na ndizi. Omba rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, maana haipondeki ndani ya begi, na maji yasiyopungua lita mbili. Loji nzuri huazima vikinga miguu vya kuzuia siafu. Isiyonavyo, chomeka suruali ndani ya soksi ndefu. Beba glovu za bustani kwa ajili ya upupu. Mpagazi mchukue pale pale sekta inapoanzia, si kupitia loji, ili fedha imfikie mwenyewe. Usitegemee nguo ulizofuliwa jioni kukauka kufikia asubuhi. Na mwenye kikohozi au homa, hata awe amelipa, haruhusiwi kuwasogelea gorila.

Mtumbwi ziwani upande asubuhi kabla ya upepo, na uulize koti la kuokolea kabla ya kukubaliana bei. Wenye miguu mizuri wanaweza kuvuka ziwa kwa mtumbwi na kumalizia kwa miguu hadi Nkuringo. Lugha ya hapa ni Rufumbira, ndugu wa Kinyarwanda, ingawa Kiswahili husikika mjini Kisoro kutokana na biashara ya Bunagana, mji wa mpakani na Kongo. Fedha taslimu zitoe mjini kabla ya kushuka ziwani, kwa sababu mtandao ukikatika mashine ya kadi haifanyi kazi, na mpagazi hana mashine.