Mawaridi ya Alma-Tadema, nakala ya kutundika ukutani
Nakala ya "Mawaridi ya Heliogabalus", mchoro wa mwaka 1888 wa Lawrence Alma-Tadema, Mholanzi aliyehamia London, niliinunua kutoka duka moja la mtandaoni, na kwa upande wa marumaru iliyochorwa humo sina lawama, kwani mishipa ya jiwe inaonekana hata ukiisogelea kwa umbali wa shubiri moja. Kilichoharibika ni maua. Msanii aliagiza mawaridi kutoka kusini mwa Ufaransa wakati wa baridi ili apate rangi halisi ya petali zinazowafukia wageni wa karamu ya Heliogabalus, kaisari wa Roma, lakini wino wa mchapaji umezifanya zote ziwe na rangi moja iliyopauka, kama kanga iliyofuliwa mno. Fremu, walau, ni imara.