Blogu nyingi kwenye WordPress moja: folda ndogo au vikoa vidogo?

Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, WordPress (programu ya kuendesha blogu na tovuti) moja inaweza kubeba blogu nyingi. Kwa folda ndogo, anwani huwa mfano.com/mapishi. Kwa vikoa vidogo huwa mapishi.mfano.com, na hapo utahitaji rekodi ya DNS (mfumo unaoelekeza majina ya tovuti kwenye seva) yenye nyota (*), yaani inayoshika vikoa vidogo vyote.

Mimi napendelea folda, maana cheti cha kawaida cha SSL (kinachowezesha anwani ya https) kinatosha. Ila kuwa makini sana: folda ya “mapishi” haipo kwenye seva, ni anwani tu. Ukiunda folda halisi yenye jina hilo, kwa kawaida seva itafungua hiyo na blogu haitaonekana.

Picha za blogu za ziada hukaa wp-content/uploads/sites/2, 3 na kuendelea, kwa njia zote mbili.

Blogu za wateja tofauti? Chukua vikoa vidogo.