Nilivyopeleka mapacha wangu kupimwa kipaji kwa alama za vidole

Nyota mbili kati ya tano, na nitasema zimetoka wapi.

Wiki hii wazazi watatu wamenifuata kwenye meza yangu ya viatu vya mtumba pale Memorial, Moshi, na swali lao ni moja: "Mama Kulwa, ile mashine ya vidole ya Arusha, tupeleke watoto au tuache?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku mteja kakaa na kiatu mguu mmoja, kwa hiyo naandika hapa yaishe.

Huduma yenyewe ni hii. Mtoto anaweka vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kwenye kimashine kilichochomekwa kwenye kompyuta. Baada ya siku kumi unapewa ripoti inayosema kazaliwa na kipaji gani, asome masomo gani, hata umleleje. Ofisi iko ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa. Jina silitaji, sitaki ugomvi na mtu. Bei ni shilingi 120,000 kwa mtoto. Nililia shida ya mapacha nikapunguziwa, nikatoa 200,000 kwa wote wawili. Weka na nauli ya Coaster kwenda na kurudi, mara mbili, chipsi za watoto, na siku mbili nzima meza imefunikwa turubai.

Nyota ya kwanza ni ya kijana aliyetupokea. Doto wangu ananyonya kidole gumba tangu mchanga, na gumba lake la kulia limelainika mpaka linang'aa. Mashine ikaligomea. Kijana akalifuta kwa kitambaa, akalipepea na bahasha, akamwambia Doto, "Bonyeza kama unaangalia embe limeiva au bado." Mara ya sita likasoma. Mimi ningeshamfinya kuanzia ya tatu.

Nyota ya pili ni ya uchapaji. Kurasa 28 za rangi, jalada gumu, picha ya ubongo umegawanywa kama keki. Nyota zimeishia hapo.

Watoto wangu ni wasichana, wana miaka saba. Baba yao Msukuma, ndiyo maana ya majina. Walizaliwa na kondo moja la nyuma, na mkunga aliniambia palepale kitandani kwamba hao ni wa yai moja, vinasaba vyao ni vile vile. Wanafanana kiasi kwamba baba mtu mpaka leo anamtafuta Kulwa kwa kovu la kwenye nyusi kabla hajagomba. Sasa ripoti ya Kulwa inasema ni msanii, muziki na lugha, hesabu asilazimishwe. Ya Doto inasema mantiki na uongozi, awe mwanasheria. Nikamuuliza yule kijana:

"Mdogo wangu, hii inapima cha kuzaliwa nacho au cha kufundishwa?"

"Cha kuzaliwa nacho, mama. Malezi yanaweza kukifunika tu, kukibadilisha hayawezi."

"Na hawa ni wa yai moja. Hicho cha kuzaliwa nacho wamekiachania wapi?"

Akaitazama ripoti, akanitazama mimi. "Ndiyo maana ni muhimu kuwapima wote wawili."

Nilicheka, wallahi. Hasira ilikuja kunipanda tumeshafika Usa River, watoto wamelala mabegani kwangu, kila mmoja na upande wake.

Usiku huo na usiku mbili zilizofuata nilikaa na simu. Nilichokikuta kinaiua biashara nzima ya vidole, na wala si siri. Alama za vidole za mapacha wa yai moja hazilingani. Zinafanana kwa umbo kubwa, kitanzi kwa kitanzi, duara kwa duara, ila ukifuata mistari yenyewe utaona wamepishana. Ile mistari huanza kujichora mimba ikiwa kwenye wiki ya kumi hivi, na kufika miezi sita imeshamaliza. Vinasaba vina mkono wao, lakini hata namna mtoto alivyolala tumboni, alivyobanwa, kidole kilivyokua kwa kasi gani, navyo vina mkono wao. Doto alizaliwa na kilo 2.1, Kulwa 2.6. Walikuwa tumbo moja lakini hawakuwa na nafasi moja. Yaani hicho kidole wanachokiita cheti cha maumbile kina malezi ndani yake, malezi ya huko huko tumboni kabla sijamwimbia mtu wimbo.

Na lililonichekesha zaidi ni la Francis Galton. Huyu Mwingereza, binamu yake Charles Darwin, ndiye aliyeupa umaarufu ubishi wa maumbile na malezi, mwaka 1874. Mwaka uliofuata akaandika juu ya mapacha, akiona kwamba hao ndio mizani ya kuyapimia hayo mawili. Na mwaka 1892 akatoa kitabu kizima cha alama za vidole. Vitu vyote vitatu vya ripoti yangu vilikuwa mezani kwa mtu mmoja! Alikuwa anaamini damu kupita kiasi, mpaka mwaka 1883 akabuni jina la elimu ya kuchagua watu wa kuzaa na wasiozaa, jambo lililokuja kuumiza watu wengi sana. Kama kuna mtu aliyetamani kidole kiseme akili na tabia, ni yeye. Akatafuta. Akalinganisha wanafunzi, vibarua, wasomi wakubwa, na watu wenye ulemavu wa akili. Hakuona tofauti. Kidole kilichomfaa ni cha kumtambua mtu ni nani, kazi ile ile inayofanywa na mashine ya kusajili laini ya simu. Ile inakujua wewe ni fulani. Haijui kama utalipa deni la watu au hutalipa.

Msinielewe vibaya kwamba nasema mtoto huzaliwa karatasi tupu. Baba yangu ana kihamba, shamba la nyumbani, huko Kibosho, na miaka kadhaa nyuma alipanda kahawa ya vikonyo, ile miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu. Vikonyo vya aina moja ni kama mapacha wa yai moja, mche ni nakala ya mwenzake. Alipanda mstari mmoja chini ya migomba, jirani na zizi, na mstari mwingine ukingoni, barabarani, ambako udongo ni wa changarawe. Njooni muone. Ya zizini matawi yameinama kwa buni, ya barabarani inatia huruma. Mche ni ule ule, kilichotofautiana ni samadi na kivuli. Lakini hapo hapo zizini ameacha miti mitano ya kahawa ya zamani, ya babu yake. Inakula samadi ile ile, na kila mwaka ugonjwa wa chulebuni unaikausha punje zingali mbichi, wakati vikonyo vinaitazama tu. Hiyo ni mbegu, samadi haiponyi.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za mapacha za miaka 50 hivi, jozi zaidi ya milioni 14, sifa za kila aina kuanzia urefu mpaka tabia. Wastani wakapata tofauti baina ya watu inatokana na vinasaba kwa asilimia 49. Mtu akisikia hivyo anadhani nusu ya Doto ni ya kwangu na nusu ni ya shule. Sivyo. Hiyo ni hesabu ya shamba zima, si ya mche mmoja. Ukipanda vikonyo vitupu, tofauti yote ni ya udongo; ukipanda mbegu mchanganyiko kwenye udongo mmoja, tofauti karibu yote ni ya mbegu. Hakuna mashine ya kushika mche mmoja ikakwambia asilimia zake.

Wangu nawajua bila kurasa 28. Wote wawili hupiga chafya tatu wakitoka ndani kwenda juani, wote hulala mkono chini ya shavu, wote hawagusi parachichi, na hakuna aliyewafundisha. Lakini Kulwa alipokuwa anaumwaumwa, Doto alikaa Kibosho na bibi yake karibu mwaka mzima. Leo Doto anaongea Kichaga kuliko mimi na haogopi ng'ombe. Kulwa kakulia chini ya meza yangu Memorial. Ukimpa elfu kumi kwa kiatu cha elfu sita na mia tano, chenji ipo mkononi mwake kabla hujafungua mdomo. Huyo ndiye ripoti inasema hesabu asilazimishwe.

Halafu ukurasa wa 17 wa ripoti ya Doto. Imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye alikuwa ananisomea. Akasita. "Mama mdogo, hapa wanasema kijana huyu wa kiume ahimizwe michezo ya mpira." Niliomba nirudishiwe japo ya mtoto mmoja, nikaambiwa ripoti ikishachapwa imechapwa.

Juzi kijana kanipigia, salamu nzuri kama kawaida yake. Wana kozi ya likizo ya kukuza kipaji, wiki tatu, shilingi 350,000, na nafasi ya mwanasheria wangu wameishaitunza. Nikamwambia subiri nimuulize mwenyewe. Mwanasheria alikuwa Kibosho, kavaa gambuti za babu yake, anasukuma ndama zizini kwa bega huku gumba liko mdomoni.