Mafunzo ya sauti ya uigizaji Bagamoyo: nililipia siku nne, nikafaidi mbili na nusu

Kwenye kikundi chetu cha maigizo mimi ndiye bibi. Miaka mitatu nabana koo, nakwaruza, watu wanacheka, kesho yake kwenye daladala siwezi hata kumwambia konda "shusha". Ndiyo maana nikatoa elfu sitini yangu nikajiandikisha.

Asubuhi ya kwanza tulilazwa chali, daftari juu ya tumbo, tukilitazama linavyopanda na kushuka. Nikajisemea hela imeliwa. Mchana mwalimu akaniita: "Dada, tuletee huyo bibi wako." Nikakwaruza weee. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Bibi yako mwenyewe anaongea hivyo?"

Nikabaki kimya. Bibi yangu yuko Kaole na hajakwaruza hata siku moja. Pumzi humkatikia katikati ya sentensi, anavuta nyingine, anamalizia. Basi. Nikajaribu hivyo kwa sauti yangu ileile, ila taratibu na chini kidogo. Safari hii hakucheka mtu.

Siku ya pili ndiyo iliyonikosha. Tulitafuta sauti inakovumia: kifuani kwa mwenyekiti wa mtaa, puani kwa mbea. Unaweka kiganja kifuani. Kisipotetemeka, mwenyekiti hajafika. Halafu tukapewa neno moja tu, "umekula". Kiswahili chetu hakibadilishi neno kuuliza swali kama hilo, na usipoweka "je", kazi yote inabaki kwa kiimbo. Tukalisema kama mama, kama mdai, kama mume aliyechelewa kurudi. Huyo mume alitushinda karibu wote, sijui kwa nini.

Sasa malalamiko. Tulikuwa ishirini na wawili kwa maikrofoni moja. Siku ya tatu tuliambiwa saa mbili, mwalimu akatokea saa nne na nusu bila hata samahani, tukashinda na "wale watu wa Liwale hawali wali wa Liwale" mpaka ndimi zikachoka. Maikrofoni tulifundishwa nusu saa tu siku ya mwisho: kaa umbali wa shubiri hivi, geuza mdomo kidogo kwenye P na B ili pumzi isiipige. Sisi tunaorekodi michezo ya kusikiliza kwenye simu tulilihitaji hilo kuliko Liwale.

Jumamosi nimerekodi bibi na mjukuu wake, maonyesho matatu mfululizo, na koo halijauma. Wakiongeza maikrofoni nitarudi siku zote nne. Wasipoongeza, naomba wanikatie bei ya siku mbili za mwanzo.