Juzuu ya 73 ya Krünitz: nimeuziwa mbuzi kwenye gunia

Niseme mapema, kitabu sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na mzee aliyeniuzia.

Ninaishi Ujerumani, na tangu nisikie habari za Johann Georg Krünitz sikutulia. Daktari wa Berlin, mwaka 1773 anaanza kutoa ensaiklopidia ya uchumi, kilimo, ufundi na kazi za nyumbani. Alianza kwa kutafsiri vitabu vya Kifaransa, kisha akaona havimtoshi, akaandika yake. Akafariki 1796 akiwa kwenye juzuu ya 73, na neno alilokuwa akiliandikia ni "Leiche". Maiti, jamani! Wengine wakaipokea kazi, ikaisha 1858, juzuu 242. Mimi nikaitaka hiyo hiyo ya 73.

Tangazo lilisema "kamili". Kifurushi kikafika, nikakifungua pale pale mlangoni. Huko mwishoni karatasi za michoro zimekatwa kwa wembe! Vishina vimebaki kwenye mshono, vimenyooka kama vimepigwa rula. Michoro kama hiyo hutiwa fremu ikauzwa mmoja mmoja. Nikapiga simu. Hata pole hakunipa.

"Bwana, umenunua kitabu, hukununua picha."

Nikamuuliza, hilo neno "kamili" kwenu lina maana gani? Akanijibu, "Kwani wewe herufi hizi za Kijerumani za kizamani unaweza kuzisoma?" Akakata simu.

Nyota moja, na hiyo nimemhurumia.

Basi usiku ule nikakaa kuzisoma hizo herufi, ili tu nimkomoe. Ile s yao inayofanana na f ilinitoa jasho. Nilipofika kwenye "Leiche" nilitarajia aya mbili tatu, kumbe ni kurasa kwa kurasa, na nikajikuta nakisogeza kidole polepole, kana kwamba naogopa kuvuka mahali kalamu ilipomdondoka. Hasira sijui ziliishia wapi. Mke wangu akaja kuchungulia, akafungua simu yake, akanionyesha: Chuo Kikuu cha Trier kimeweka maandishi yote mtandaoni, bure, ukiandika neno linakuja. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Msinunue kwake. Au nunueni, lakini mwombeni picha ya kurasa za mwisho kabla ya kutuma hela. Kitabu nyota tano, mzee sifuri. Ila ya 74 nayo anayo, ameitangaza "kamili", na bei nimeshaiangalia mara mbili. Jana nimemwandikia swali moja tu: michoro ipo?