Kitabu cha kumbukumbu au albamu ya kidijitali: wahitimu wachague kipi?

Kila darasa linalomaliza sekondari hubishana hivi: tuchapishe kitabu, au tukusanye picha na video mtandaoni?

Kwa gharama, albamu ya kidijitali inashinda. Uchapaji una gharama za maandalizi ambazo hazipungui, kwa hiyo nakala zikiwa chache kila moja hupanda bei, na wasio na uwezo hubaki nje. Hilo linaniuma.

Kudumu ni habari nyingine. Kitabu hakidai nywila wala chaji. Kikiepushwa na unyevu, mchwa na jua, hata wajukuu watakisoma. Tena kina mwandiko wa rafiki pembeni mwa picha yake. Faili zinataka mlezi: akaunti ikifungwa au simu ikipotea, miaka yote inaondoka nayo. Wekeni nakala mahali pawili au zaidi, na mteue mtu wa kuzihamisha vifaa vinapopitwa na wakati. Lakini video ndiyo inayotunza sauti na vicheko.

Michango ikiwa ya uhakika na wengi wakiagiza, chapisheni. Mkiwa na fedha kidogo, anzeni na albamu, ila andikianeni kwa mkono kabla hamjatawanyika, kisha mpige picha kurasa hizo.