Corsair SF750 usiku, pangaboi imezimwa

Mama ndiye aliyenisukuma kununua pawa saplai mpya, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Ukuta kati ya chumba changu na chake haufiki juu, na pawa saplai ya zamani (jina la kampuni naliacha) ilikuwa ikivuma usiku kucha. "Mwanangu, hiyo mashine ya kusaga unaifunga saa ngapi?" Korosho za Tandahimba zilipolipwa, mgao wangu nikaupeleka kwenye Corsair SF750, ikaja Mtwara kwa basi kutoka Dar.

Kikasha cha kompyuta yangu ni Cooler Master NR200, lita 18 na ushee, kwa hiyo pawa saplai ya saizi ya kawaida, ATX, haiingii. Zinakaa za saizi ndogo tu, SFX na SFX-L. Nyaya za hii zote zinachomoka, nikafunga nilizohitaji, nyingine zimebaki kwenye boksi. Feni yake ya milimita 92 nimeigeuzia ubavu wenye matundu, ivute hewa ya nje, si ile iliyokwisha kuchemshwa na kadi ya michoro.

Siku ya kwanza presha ilinipanda. Kompyuta imewaka, feni ya pawa haizunguki. Jirani, fundi simu hapa Chikongola, akachungulia: "Umeuziwa mbovu hii." Kumbe ndivyo ilivyoundwa. Mzigo ukiwa mdogo feni inalala kabisa. Tulikuwa tumeshafungua skrubu nne.

Kipimo chenyewe nilikifanya Jumamosi usiku. Nilizima pangaboi, na anayeijua Mtwara ya Desemba anajua hayo ni mateso. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 31. Simu juu ya mto wa kulalia, inarekodi. Nikacheza gemu la mpira saa nzima. Prosesa yangu ni ya wati 65 na kadi wati 170. Kifaa cha kupimia kwenye soketi kilicheza kati ya wati 240 na 265. Baadaye nikasikiliza: vitufe vya padi ya kuchezea, vyura, feni ya kadi. Pawa saplai hamna. Karibu na mwisho nilimulika kwa tochi nikakuta mapanga yake yanazunguka taratibu. Niliyaona, sikuyasikia.

Kulikuwa na kimlio chembamba kama cha mbu, nikaanza kuilaumu pawa saplai. Nikakunja gazeti kama bomba, ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza kwenye kikasha: kinatoka kwenye kadi, tena gemu likiwa kwenye menyu, picha zinapokimbia mamia kwa sekunde na koili zake, nyaya zilizoviringwa, kutetemeka. Nikazifunga picha zisizidi 60 kwa sekunde, mbu akanyamaza.

Kwa kompyuta kama yangu wati 750 ni nyingi mno. Nilichukua kwa sababu muuzaji hakuwa na ndogo. Bei inauma. Warantii ni miaka 7, ila ikiharibika najua ni safari ya Dar, kwa hiyo risiti nimeifunga kwenye nailoni, maana chumvi ya bahari hapa imeshaanza kula hata skrubu za kikasha. Umeme ukikatika inazima kama nyingine yoyote, UPS, betri ya akiba, bado nadunduliza.

Na kama pangaboi yako haizimwi, hela yako iache mfukoni. Nilijaribu nikiwa nimeiwasha: hata ile ya zamani ilimezwa na mngurumo wake.

Sasa Mama analalamikia vitufe vya padi.